QGIS na QField kwenye mabomba ya maji: miaka mitatu ya kuzitumia katika mji mdogo

"Dada, ile ramani yenu ya mabomba mlinunua shilingi ngapi?"

Swali hili naulizwa karibu kila ninapokaa na wenzangu wa mamlaka za maji, iwe kwenye semina au kwenye foleni ya kuchukua vifaa bohari. Jibu fupi ni kwamba programu yenyewe hatukuinunua. Jibu refu ndilo hili ninaloliandika leo, ili anayetaka kuanza ajue atafurahia nini na atalia wapi.

Mimi ni fundi sanifu wa maji katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini. Tuna wateja wasiofika elfu saba, matanki matatu, chanzo kimoja cha mserereko kutoka mlimani na kisima kirefu kinachosukumwa kwa umeme. Mtandao wetu umejengwa vipande vipande kadiri miradi ilivyokuja. Katikati ya mji kuna chuma cha zamani, barabara za pembeni kuna plastiki ya kijivu, na mitaa mipya yote ni plastiki nyeusi ya roli. Kila mradi ulikuja na michoro yake, na michoro ikaishia kabatini, mingine imeliwa na mchwa. Ramani kamili ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kichwani mwa mzee wetu, fundi bomba aliyeajiriwa kabla mimi sijazaliwa. Katikati ya mwaka 2022 mzee huyo alikuwa amebakiza miezi kumi na minne kustaafu.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Bomba likipasuka usiku tulikuwa tunampigia yeye. Anauliza, "Maji yanatokea upande wa kanisa au upande wa soko?" Ukimjibu, anakuambia ufunge valvu ipi, iko hatua ngapi kutoka wapi. Hakuwahi kukosea. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa mtandao wa mji mzima, na akiugua wiki moja mji unakaa bila maji kwa sababu hakuna anayejua pa kufungia.

QGIS ni programu huria ya kompyuta ya kutengeneza na kusimamia ramani. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman wa Alaska, toleo la 1.0 likatoka 2009, na sasa inaendelezwa na watu wa nchi nyingi. Unaipakua, unaisakinisha, hakuna leseni. QField ni ndugu yake wa simu, imetengenezwa na kampuni ya OPENGIS.ch ya Uswisi. Unaandaa ramani na fomu zako kwenye kompyuta kwa QGIS, unahamishia kwenye simu au kishikwambi, unaingia mtaani. Haihitaji intaneti ukiwa kazini. Kwetu hilo lilikuwa sharti la kwanza, maana kule bondeni simu inashika mtandao ukipanda juu ya mawe tu.

Kabla ya hapo tulishajaribu njia tatu. Tulikuwa na michoro ya AutoCAD, programu ya kuchorea, ya mshauri mmoja wa mradi, mistari mizuri isiyojua iko wapi duniani. Tulikuwa na alama za Google Earth ambazo kila mtu alizipa jina alilotaka, "valvu mpya", "valvu mpya 2", "valvu kwa mama Neema". Na tulikuwa na jedwali la Excel lenye kipenyo na urefu wa kila bomba bila kueleza bomba lenyewe linapita wapi. Taarifa zote zilikuwepo, ila hazikujuana.

Nieleze fomu ya valvu, kwa sababu humo ndimo thamani ya kazi yetu ilimo.

QGIS inakuruhusu kutengeneza fomu ya kila tabaka, yaani kila kundi la vitu kwenye ramani kama valvu au mabomba, na kuipa kila safu jina la kuonekana unalolitaka. Programu nimeitumia kwa Kiingereza, lakini fomu zetu zote tumeziandika kwa Kiswahili, na kwa maneno ya mafundi wenyewe. Sehemu ya aina ya bomba haiandiki HDPE wala uPVC. Inaandika "plastiki nyeusi", "plastiki ya kijivu", "chuma". Fundi anachagua kwenye orodha, haandiki, kwa hiyo hakuna kukosea herufi. Tarehe inajijaza yenyewe. Kipenyo kisipojazwa fomu inakataa kufungwa. Picha unapiga hapohapo, na inabaki imefungamana na valvu yake.

Mwanzoni nilikuwa na safu sita. Mzee alikaa nami ofisini siku nzima ya mvua, akaitazama fomu kwenye kishikwambi, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii haitoshi. Andika inazunguka mara ngapi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Valvu ya inchi nne inafunga kwa mizunguko kumi na tatu, kumi na nne. Ukifika ishirini na bado inazunguka, shafti imekatika. Unadhani umefunga, kumbe hujafunga kitu, na wenzako wameshaingia shimoni."

Nikaongeza safu ya mizunguko. Akaniongezea nyingine: inafunga kulia au kushoto. Zile zilizoletwa na mradi wa zamani zinafunga kushoto, na fundi mgeni akizilazimisha kulia kwa nguvu zake zote anavunja. Nikaongeza safu ya nani ameonyesha. Safu hizo tatu hutazikuta kwenye mfano wowote wa fomu utakaoupata mtandaoni, na ndizo tunazozitumia kila wiki. Hapa ndipo ninapoipenda QGIS kwa moyo wote: niliziongeza jioni ileile, mimi mwenyewe, bila kumwandikia mtu barua wala kusubiri mkandarasi.

Tulitembea na mzee miezi minane, siku mbili au tatu kwa wiki. Yeye anatangulia na fimbo ya chuma ya kuchomea ardhi, mimi nyuma na kishikwambi, kijana wa tatu ana jembe na futi kamba. Usahihi wa GPS ya simu mahali pa wazi ni mita tatu hadi tano. Chini ya miti au kati ya maghorofa ni mbaya zaidi. Mita tano ni nyingi mno ukitafuta mfuniko wa chemba uliofukiwa, maana unaweza kuchimba mashimo kumi. Kwa hiyo kila valvu tuliipima pia kwa futi kamba kutoka vitu viwili visivyohama, kona ya jengo na nguzo ya umeme kwa mfano, na vipimo hivyo tukaviandika kwenye fomu. Ni njia ya wapimaji wa zamani na bado ndiyo inayotuokoa. QField inakuonyesha usahihi wa wakati huo kwenye skrini, na unaweza kuiambia ichukue wastani wa vipimo vingi badala ya kimoja. Tumia hicho kipengele kila mara, subira ya nusu dakika inalipa.

Kuna valvu moja ya inchi sita ambayo mzee alisema iko hatua saba kutoka kwenye mparachichi, kuelekea barabarani. Tulipofika, mparachichi haukuwepo. Ulishakatwa, pamejengwa fremu za maduka. Mzee alisimama muda mrefu, akaangalia mlima, akaangalia paa la shule, akasogea, akarudi. Kisha akaenda moja kwa moja kwa muuza mitumba mmoja, akamsalimia, akamwomba asogeze meza. Chini ya meza palikuwa na turubai, chini ya turubai udongo, na sentimita arobaini chini ya udongo palikuwa na mfuniko. Tuliifungua na kuipiga picha. Mizunguko ishirini, inafunga kulia, ameonyesha Mzee. Valvu hiyo inakata maji ya nusu ya mji, na kwa miaka isiyopungua kumi hakuna mtu mwingine aliyejua iko wapi.

Baadaye tuliazima kipokezi cha setilaiti cha kisasa, kile kidogo kinachowekwa juu ya fimbo, kwa wiki mbili. QField ilikipokea kwa Bluetooth bila shida na makosa ya vipimo yakashuka hadi chini ya nusu mita. Kama mnaweza kununua kimoja, nunueni. Kama hamwezi, anzeni bila hicho.

Sasa niseme yaliyotuumiza, nikianza na mfumo wa majira ya ramani, yaani namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo duniani, kwa sababu utakutana nalo siku ya kwanza. Michoro mingi ya zamani nchini kwetu imepimwa kwa mfumo wa Arc 1960, uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda kwa miongo mingi. Simu na picha za setilaiti zinatumia WGS 84. Namba zake kwa macho zinafanana kabisa, tarakimu sita za mashariki na saba za kaskazini. Niliingiza bomba kuu kutoka kwenye mchoro wa zamani bila kuiambia QGIS kwamba ni Arc 1960, na bomba likahama karibu mita 300 kuelekea kaskazini, likapita katikati ya makaburi. Niliona mara moja kwa kuwa naujua mji wangu. Je, ingekuwa mita 30? Kwetu sisi tulio magharibi ya longitudo 36 namba za kuchagua kwenye QGIS, zinazoitwa EPSG, ni 21036 kwa Arc 1960 na 32736 kwa WGS 84. Walio upande wa mashariki, kama Morogoro, Tanga na Moshi, ni 21037 na 32737. Ziandikeni ukutani. QGIS inabadilisha yenyewe vizuri sana, mradi umeiambia ukweli kuhusu faili linatoka wapi.

La pili lilitokea mwezi wa tatu wa kazi. Kijana wetu mmoja alikuta kishikwambi kimejaa, akaiondoa QField ili asafishe nafasi, akaisakinisha upya. Kwenye Android za sasa mafaili ya programu yanakaa ndani ya folda ya programu hiyo, ukiifuta nayo yanafutika. Tulipoteza siku mbili za kutembea, valvu kumi na tisa na dira za maji za mtaa mzima. Mzee hakusema neno baya. Alivaa kofia yake, akasema, "Twendeni tena," na tukaenda tena. Tangu siku hiyo kila jioni kabla ya kwenda nyumbani tunaunganisha kishikwambi na kompyuta kwa waya, tunavuta data, tunaweka nakala kwenye diski ya pembeni. Kuna huduma yao ya mtandaoni ya QFieldCloud inayofanya hivyo hewani. Nimeijaribu na ni nzuri, ila kwa intaneti yetu picha zinachukua usiku kucha, nikarudi kwenye waya.

La tatu ndilo kubwa, na hapa nataka wasomaji wangu wa mamlaka kubwa wanisikilize. QGIS inaona mistari. Haijui kwamba mstari ni bomba, kwamba ndani yake kuna maji yanayotoka tanki kwenda kwa mteja, wala kwamba valvu iliyofungwa inayazuia. Mistari miwili inaweza kuonekana imeungana kwenye skrini, ukiikuza mara elfu unakuta kuna nafasi ya sentimita ishirini kati yake. Kwa macho ni bomba moja, kwa hesabu ni mabomba mawili yasiyohusiana. Nililigundua nilipoupeleka mtandao wetu EPANET, programu ya bure ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, inayokokotoa presha na mtiririko. Ilinirudishia orodha ndefu ya maungio yaliyokatika. Nilikaa wiki mbili nikiunganisha moja moja.

Dawa ni kuwasha kinasio, ile alama ya sumaku kwenye QGIS, kabla hujachora mstari wa kwanza, na kuwasha pia uhariri wa kitopolojia, ili ukisogeza kiungio mabomba yote yanayokigusa yasogee pamoja. Kuna pia plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, ya kukagua topolojia (jinsi mistari inavyoungana) inayokuja na QGIS yenyewe. Ningelijua hili mwanzoni ningeokoa wiki hizo mbili na macho yangu.

Lakini hata ukishaunganisha kila kitu, ukipasukiwa na bomba usiku huwezi kubonyeza ukaambiwa, "Funga valvu hizi nne, wateja hawa mia mbili watakosa maji." Vifaa vya kutafuta njia vilivyomo ndani ya QGIS viliundwa kwa barabara. Kama unataka hilo, Utility Network ya ArcGIS, programu ya ramani ya kulipia ya kampuni ya Esri, inalifanya, imetoka tangu 2018 na imejengwa mahsusi kwa mitandao ya maji, umeme na gesi. Inajua kiungio gani kinaruhusiwa kuungana na kipi, inafuata mtandao kutoka mahali palipopasuka hadi valvu za kufunga. Nimeiona ikifanya kazi kwenye mafunzo na nakiri ilinivutia sana. Ila inataka leseni ya kila mwaka, seva, na mtu aliyesomea kuiendesha. Mamlaka ya jiji lenye wateja laki na zaidi ingefanya vibaya kutoifikiria. Kwetu sisi, fedha ya leseni ndiyo fedha ya mabomba.

Katikati ya hizo mbili kuna Giswater, huria, kutoka Hispania, inayokaa juu ya QGIS na kanzidata ya PostGIS, na inaongea na EPANET moja kwa moja. Niliisakinisha mwaka jana. Ina mantiki ya mtandao ambayo QGIS peke yake haina. Inataka nidhamu kubwa ya data na mtu anayeijua vizuri PostgreSQL, programu ya kanzidata ambayo PostGIS inakaa ndani yake, na mimi bado najifunza. Sijaiacha, nimeiweka kando mpaka data zetu ziwe safi.

Jambo ambalo sikulitegemea ni tabaka la mipasuko. Tulikuwa tunaandika mipasuko kwenye daftari: tarehe, mtaa, fundi, vifaa. Nikaomba kila fundi aweke pia nukta kwenye QField baada ya kutengeneza. Wengine walilalamika wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Baada ya mwaka tulikuwa na nukta arobaini na moja, na ishirini na tatu kati ya hizo zilikuwa bonde moja. Sote tulijua kule mabomba hupasuka, tulikuwa tunasema ni mabomba mabovu ya mkandarasi.

Nikachukua data za miinuko za SRTM, zile zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000 na zinazopatikana bure, nikaziweka chini ya ramani ya mabomba. Kati ya tanki la juu na bonde palikuwa na tofauti ya zaidi ya mita mia. Kila mita kumi za kushuka zinaongeza presha ya takriban bar moja, na mabomba tuliyolaza kule ni PN10, ya kuhimili bar kumi. Mchana watu wanateka, presha inapungua. Usiku wote wamelala, presha inapanda mpaka mwisho. Ndiyo maana simu zote za bondeni zilikuwa zinaingia alfajiri.

Data za SRTM zina makosa ya mita kadhaa, kwa hiyo hatukuziamini peke yake. Tulikwenda na geji ya presha saa tisa usiku, tukaifunga kwenye bomba la uani kwa mama mmoja aliyetukaribisha kwa chai ya tangawizi. Sindano ilisimama bar kumi na nusu. Mabomba hayakuwa mabovu. Tuliyalaza mahali yasipostahili. Tuliweka valvu ya kupunguza presha juu ya bonde, na miezi sita iliyofuata tukawa na mipasuko minne kule. Mimi sina nishani ya kujivunia, lakini karatasi ya miezi ile sita ninayo kwenye droo na huwa naitoa.

Kuhusu taarifa za wateja, tuwe waangalifu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili si la hiari tena. Kwenye vishikwambi vyetu tabaka la dira lina namba ya akaunti na namba ya dira tu. Jina, simu na deni vinabaki kwenye mfumo wa ankara ofisini, na vinaungana na ramani kwenye kompyuta moja yenye nywila. Kishikwambi kikiibiwa sokoni, mwizi hapati jina la mtu. Namba za nyumba zilizobandikwa kwenye operesheni ya anwani za makazi ya 2022 zimetusaidia mno hapa. Zamani msoma dira mpya alikuwa anazunguka mtaa mzima kutafuta "nyumba ya bati jekundu karibu na kwa fundi cherehani".

Gharama? Vishikwambi viwili vya bei ya kati, diski ya pembeni, futi kamba mbili, fimbo ya chuma tuliyochongewa na fundi wa hapa mjini. Kompyuta mpakato tulikuwa nayo, yenye RAM ya GB 8, na inatosha, ila picha kubwa za drone inazisogeza kwa tabu. Gharama kubwa ni siku za watu. Kiongozi wako akikubali programu kwa sababu ni ya bure halafu akakataa kuwatoa watu watatu ofisini siku mbili kwa wiki, usianze. Utaishia na ramani nusu, na ramani nusu inadanganya kwa kuwa inaonekana kamili.

Kwenye kujifunza, mimi ilinichukua kama miezi miwili kuwa na uhakika na QGIS, nikijisomea jioni na kutazama video. Mafundi wa mtaani QField waliielewa kwa siku moja. Hilo si jambo dogo. Mzee wa miaka hamsini na tisa, ambaye simu yake ya mkononi ni ya vitufe, wiki ya pili alikuwa ananinyang'anya kishikwambi ili aweke nukta mwenyewe.

Nifike kwenye usiku ambao bado naukumbuka. Mzee alishastaafu miezi mitatu. Saa nane usiku mlinzi wa soko akapiga simu, maji yanatoka kama mto barabarani. Mimi nilikuwa zamu na vijana wawili, mmoja ameajiriwa mwezi mmoja tu. Mkono wangu ulishaanza kutafuta namba ya mzee. Nikasimama. Nikafungua QField, nikakuza pale soko, nikaona bomba la inchi sita na valvu zake tatu. Ya karibu iliandikwa "imekaza". Ya pili ni ile ya chini ya meza ya mitumba. Picha ikafunguka: meza, turubai, mfuniko, mkono wa mzee umeshika ufunguo wa valvu. Tulipima kwa futi kamba kutoka kona ya fremu na kutoka nguzo, kijana mgeni akachimba, jembe likagonga chuma mara ya kwanza. Akaanza kuzungusha kulia, mimi nahesabu kwa sauti. Ulipotimia mzunguko wa ishirini ufunguo ukakaza, na kule barabarani tukasikia maji yanapungua.

Asubuhi nilimpigia mzee kumweleza. Akauliza swali moja tu: "Ilifika ishirini?"

Mpaka leo ramani yetu haijakamilika. Imebaki mitaa miwili ya zamani nyuma ya stendi, yenye mabomba ya chuma ambayo hakuna mchoro wake hata mmoja kabatini. Jumamosi ijayo tunaanza ya kwanza. Mzee amekubali kuja, amesema tumfuate nyumbani na pikipiki saa moja asubuhi, na kishikwambi kiwe na chaji.